Mashine Ilitaka Baridi, Baba Alitaka Joto

Laki nne, elfu thelathini na mbili na mia tatu. Hiyo ndiyo gharama ya jambo zima, kuanzia nauli ya kwanza mpaka vizibo vya soda. Hesabu ya kwanza ilinipa pungufu ya hapo kwa elfu mbili na mia nane, nikafurahi. Niliporudia nikakumbuka kwamba vizibo haviji bila soda. Kila kitu mimi nahesabu mara mbili. Ndivyo nilivyodumu kwenye biashara miaka kumi na tisa bila kufilisika, na ndivyo pia nilivyokaribia kuiua mashine ya baba.

Mashine yenyewe ni kitu cheusi, ukubwa wake kama Biblia mbili za mimbarani zilizolazwa pamoja, na kazi yake ni kucheza mpira wa miguu ndani ya televisheni. Mimi sichezi. Mama hachezi. Anayecheza ni baba, mzee wa miaka sabini na moja, ambaye mpaka juzijuzi michezo hiyo aliiita ujinga wa watu wasio na shamba.

Baba alikuwa na shamba la karoti, na alikuwa na tarumbeta. Tarumbeta si yake, ni ya usharika, lakini imening'inia kwenye ukuta wa sebule yetu muda mrefu kuliko picha yangu ya kipaimara. Kila Jumapili aliishusha, akaipangusa kwa kitambaa cha pamba, akaenda nayo kanisani kwenye bendi, na jioni ikarudi msumarini. Sauti ya kwanza ninayoikumbuka maishani si ya mama kuniita. Ni baba akipasha midomo nyuma ya banda la ng'ombe, mama akimwambia ng'ombe hawatatoa maziwa.

Kiharusi kilimkuta akipalilia. Mguu ulirudi baada ya miezi, akatembea na fimbo. Mdomo ulirudi, tena haraka, tukacheka kwamba hilo ndilo lililokuwa na uhakika. Mkono wa kulia ndio uliogoma, hasa vidole vile vitatu vinavyobonyeza vitufe vya tarumbeta. Kidole cha shahada kilikuwa kinatetemeka tu. Cha kati kilikuwa kinasikiliza ukiongea nacho. Cha pete kilikuwa kimelala kabisa.

Mwezi wa nne kiongozi wa bendi akaja kutusalimia. Alikaa, akanywa chai, akatazama ukutani, akatazama chai.

"Mzee, hatuna haraka," akasema. "Ila sikukuu ya mavuno tutakuwa pungufu wa mtu mmoja."

"Mtu mmoja au tarumbeta moja?" baba akamuuliza.

Kiongozi wa bendi akacheka bila kutaka. Baba akamwambia, "Niachie mpaka mavuno. Nisipoweza, utaishusha wewe mwenyewe, mimi sitakupa mkononi."

Mavuno kwetu kanisani ni mwezi wa tisa. Nikahesabu wiki. Nikahesabu tena.

Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alikuwa amempa mpira laini wa kukamua. Baba aliukamua siku mbili, akasema amefanywa mtoto mchanga, mpira ukaingia chini ya kochi na haukutoka. Tarumbeta nayo alikuwa anaishusha tukiwa hatupo. Anabonyeza, kitufe cha tatu hakishuki, anairudisha msumarini huku mdomo wake umegeuzwa ukutani. Mdomo wa tarumbeta, nasema. Wa baba uligeukia sisi.

Ufumbuzi ulitoka kwa kinyozi. Nilimpeleka baba kunyolewa, na kinyozi wetu ana kibanda pembeni chenye televisheni na mashine ya gemu, mia tano kwa mechi. Palikuwa na foleni. Kinyozi, kwa utani tu, akampa baba pedi ya kuchezea. "Shikamoo mzee. Nishikie hapa, nimalize kichwa kimoja." Mechi ilikuwa inaendelea. Mpira ukamfikia mchezaji wa baba, kinyozi akapiga kelele, "Piga mzee, piga!" na kile kidole cha shahada, ambacho dada wa mazoezi alikuwa anakibembeleza tangu Krismasi, kikabonyeza. Mpira ulitoka nje, mbali kabisa na goli. Baba akasema, "Huyu mchezaji ni mvivu," akabonyeza tena.

Tulikaa pale saa nzima na dakika ishirini. Kwa mpira wa hospitali hajawahi kumaliza dakika tano.

Basi nikashuka kutoka Lushoto mpaka Tanga. Huwa nashuka Tanga kuchukua marobota, kwa sababu kazi yangu ni masweta ya mitumba. Naishi kwa baridi. Watu wanaposugua mikono na kulalamikia ukungu, mimi nashukuru Mungu kimoyomoyo. Nauzia wakulima wa huku juu, nauzia kinamama wa Malindi, hii ya huku kwetu, si ya Kenya, wanaonunua kwa dazeni, na nauzia wageni wanaokuja kutazama bonde pale Irente wakiwa na kaptula, kwa sababu waliambiwa Afrika ni joto. Hao hawaombi hata kupunguziwa. Lakini safari hii nilishuka kwa ajili ya mashine peke yake, nauli elfu kumi na nane kwenda na kurudi, kwa hiyo naiweka kwenye hesabu.

Jamaa wa duka la vitu vilivyotumika alianzia laki tano na ishirini.

"Hiyo ni pamoja na nyumba?" nikamuuliza.

"Mama, hii ni mashine safi. Haijawahi kufunguliwa."

"Haijawahi kufunguliwa maana yake haijawahi kusafishwa." Nikaiwekea kiganja mgongoni, ilikuwa imewashwa. "Mbona inapata moto?"

"Mama, hapa Tanga hata mimi napata moto."

Hilo jibu ndilo lililoniponza. Nilifanya hesabu ya haraka kichwani: kitu kilichovumilia Tanga, nikikipandisha Lushoto, kitakuwa kiko likizo. Nikamwambia hivyohivyo, kwamba naipeleka mahali itakapopumzika, na kama ana huruma nayo apunguze. Tulivutana mpaka laki tatu na nusu. Nikapanda basi nimeipakata, nimetulia kama mtu aliyeolewa vizuri.

Sebule yetu lazima niieleze, maana mambo yote yametokea humo. Kuna makochi, meza, kabati la vioo lenye vyombo vya harusi ya mama ambavyo havijawahi kuona chakula, televisheni juu ya stuli, tarumbeta ukutani. Nyuma ya kochi kubwa kuna marobota yangu, saba, yamepangwa mpaka karibu na dari, kwa sababu ndicho chumba pekee kikavu nilichonacho. Juu ya kila kitu kingine kuna vitambaa. Mama anafuma. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina chake chenye pindo la kijani, na rimoti iko ndani ya nailoni tangu inunuliwe. Nyumbani kwetu kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa.

Siku ya tatu mashine ikawa na kitambaa. Siku ya nne ikahamia ndani ya kabati la vioo, mlango ukafungwa, ili wageni waione na vumbi lisiione. Mimi nilipita, nikaona imependeza.

Na baba akacheza. Wiki ya kwanza alikuwa anafungwa sita, saba. Alimtukana kipa wake kwa Kishambaa, mama akawa anamnyamazisha kwa sababu ya majirani. Wiki ya tatu akatoa sare. Kidole cha shahada kilikuwa kinabonyeza chenyewe, cha kati kinafuata. Usiku mmoja alishusha tarumbeta mbele yetu sote, akabonyeza kitufe cha kwanza, kikashuka na kurudi. Hakupuliza. Aliirudisha ukutani, safari hii mdomo ukatazama chumba.

Kisha ukaingia mwezi wa sita. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa sita hahitaji maelezo, na asiyeijua aje, nitamuuzia kitu. Ukungu unaingia dirishani bila hodi. Watu wote waliokuja kumwona baba walisema jambo moja: mgonjwa wa kiharusi asipigwe na baridi. Kwa hiyo madirisha yakafungwa, tambara likasukumwa chini ya mlango, na mama akawasha jiko la mkaa nje, makaa yakiiva analiingiza sebuleni, karibu na miguu ya baba. Miguu ya baba iko karibu na televisheni. Unaona mambo yanakoelekea.

Mashine ikaanza kuvuma. Kwanza kidogo, baadaye kama basi linalopanda kutoka Mombo na abiria wa kusimama. Baba alikuwa anaongoza mbili kwa moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya ukoo wetu, mara maandishi yakatokea kwenye kioo kwamba mashine imepata joto kupita kiasi. Giza. Baba akabaki ameshika pedi anatazama giza.

"Wamenizimia kwa sababu ninashinda," akasema.

Siku ya pili ilikaa dakika arobaini. Ya tatu, thelathini. Nilikuwa napima kwa simu, napima tena kwa saa ya ukutani, zote zinakubaliana. Nikakosa raha. Sokoni nilikuwa nauza sweta la elfu nane kwa elfu sita bila kugombana, wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Nikawa napiga simu nyumbani mara tatu kwa siku.

"Inavuma?" namuuliza mama.

"Inavuma. Na baba yako naye anavuma."

Nikianza kula, nainuka nikaiguse. Nikilala, naisikia inavuma, naamka, kumbe ni mvua, au kumbe hakuna kitu kabisa.

Nilianza na kitambaa. Nikakiondoa, nikaeleza kwa heshima kwamba mashine inapumulia mgongoni. Mama akasema televisheni nayo inapumulia mgongoni na haijawahi kulalamika. Nikaitoa mashine kabatini, nikaiweka kwenye stuli yake. Wageni wakawa wanaweka vikombe juu yake. Nikasogeza jiko, mama akalirudisha. Nikafungua dirisha vidole viwili, mama akalifunga. Nikalifungua. Siku moja nilihesabu tumelifungua na kulifunga mara kumi na nne, na kila mmoja wetu anajifanya hamuoni mwenzake.

"Unataka kumuua baba yako," mama akasema mwishowe, "ili kitu cha Tanga kipate upepo?"

"Mama, kisipopata upepo, vidole havirudi. Vidole visiporudi, wanakuja kuchukua tarumbeta."

"Na akipata nimonia atapiga tarumbeta na nani?"

Tulikuwa tunabishana juu ya kichwa chake, yeye yuko katikati na pedi yake. Mashine inataka baridi, baba anataka joto, na sebule ni moja. Akasema bila kututazama, "Nileteeni sweta la pili. Dirisha liacheni."

Nilienda nyuma ya kochi nikamchagulia la sufi zito, la kola, ambalo mgeni wa Irente angelipa elfu ishirini na tano. Hilo sijaliweka kwenye hesabu. Mtu ana mipaka yake.

Dirisha likabaki wazi, jiko likaenda kona ya pili. Mashine ikakaa dakika ishirini na mbili, ikazima. Nikachanganyikiwa. Nikanunua kifaa chenye feni ndogo cha kuweka chini yake, elfu thelathini na tano, muuzaji ameapa kwa jina la Mungu na la mama yake mzazi. Feni ikazunguka vizuri sana. Mashine ikakaa dakika kumi na tano.

Kesho yake narudi kutoka sokoni, nakuta mama amepiga magoti mbele ya stuli. Juu ya mashine, ambayo ilikuwa inawaka, kuna kitambaa kilicholowa, kimekamuliwa na kukunjwa mara nne, kama anavyomwekea mtoto kwenye paji la uso.

"Ina homa," akaniambia. "Gusa mwenyewe. Kwa homa unafanyaje?"

Nilipiga kelele. Sitaki kuandika nilichosema, maana hakikuwa kirefu lakini kilikuwa na sauti, na kwetu mtu hapazi sauti kwa mama yake, hata kama mama ameshika maji juu ya umeme. Nikachomoa waya ukutani. Baba akasema jina langu mara moja tu.

Mama akainuka. Akakusanya vitambaa vyote, cha televisheni, cha redio, cha chupa ya chai, vya makochi, akavikunja kimoja kimoja na kuvitia kwenye beseni, na beseni akalipeleka chumbani kwake. Sebule ikabaki kama ya watu wanaohama kesho. Siku mbili alikuwa anaongea nami kupitia kwa baba. Nimekaa hapo, mita moja, anamwambia baba, "Mwambie binti yako chakula kipo."

"Chakula kipo," baba ananiambia.

"Mwambie asante."

"Kasema asante," baba anamwambia mama. Alikuwa anafurahia, kwa sababu gemu halikuwepo.

Siku ya tatu nikaibeba mashine kwenda kwa fundi wa vifaa vya umeme pale karibu na stendi. Nilikosa cha kuifungia, nikakuta kitambaa chake kimoja kimesahaulika nyuma ya redio, nikaiviringisha humo.

"Tatizo nini mama?"

"Inapata joto."

Fundi akageuka kwa wateja wengine waliokuwa wamejikunyata kwenye benchi wamevaa makoti. "Jamani, mmemsikia? Kuna kitu Lushoto kinapata joto. Tukiweke hapa katikati tukiote."

Walicheka wote, nami nikacheka, kwa sababu mtu anayekucheka hawezi kukupandishia bei vizuri. Alitaja elfu arobaini kufungua, kusafisha na kubadilisha ile dawa nyeupe ya joto inayopakwa ndani. Tukakubaliana ishirini na tano, na nitakaa hapohapo naona.

Akafungua skrubu, akainua mfuniko. Akachukua kibano, akakiingiza kwenye feni, akaanza kuvuta. Kilichotoka nilidhani ni panya. Kilikuwa kirefu, kimeshikana, laini. Akavuta tena, kikaja kingine. Akavipanga juu ya meza: kijivu, chekundu, na kingi kuliko vyote, zambarau.

"Mama," akasema taratibu, "hii mashine ilikuwa imevaa sweta."

Benchi zima likainuka kuja kutazama. Mimi sikuhitaji kutazama. Rangi hiyo ya zambarau naijua. Mwezi wa tano nilifungua robota ambalo nusu yake ilikuwa masweta ya zambarau, sijui ni nchi gani iliyovaa hivyo, na kama kawaida yangu nikalifungulia sebuleni. Kila sweta nalinyanyua, nalikung'uta, natazama matundu, nahesabu. Halafu, kwa sababu ni mimi, nakung'uta na kuhesabu mara ya pili. Robota moja lina masweta karibu mia na hamsini. Ukikung'uta mara mbili ni mia tatu. Marobota saba, hesabu mwenyewe, mimi nilihesabu palepale kwa fundi, mara mbili. Manyoya yote hayo yalikuwa yanaelea sebuleni, madirisha yamefungwa, na kitu pekee chumbani chenye feni ya kuyavuta kilikuwa ni mashine. Na ile feni yangu ya elfu thelathini na tano ilikuwa inayasukuma kwa chini, kwa bidii.

"Nilimlaumu mama yangu," nikasema. "Nilidhani ni kitambaa."

Fundi akakichukua kitambaa cha mama, akakiweka mdomoni, akapuliza. Upepo ukapita kwenye matundu ya ufumaji, ukanipiga usoni.

"Ikiwa imewashwa, kitoe, hata kitambaa kizuri kinashikilia joto. Ikizimwa, ifunike, hicho kitazuia haya manyoya yako. Mama yako nusu alikuwa sahihi." Akanitazama. "Wewe sijui."

Aliposafisha akanipa masharti, nikayaandika nyuma ya daftari la mauzo. Isikae kabatini. Ipate shubiri nzima kutoka ukutani kila upande. Jiko liwe mbali. Kila mwezi matundu yake yapigwe brashi laini ya rangi, ikiwa imechomolewa, na brashi hiyo nikainunua duka la jirani elfu moja na mia tano. Maji, hata tone, hapana. Ikianza kuvuma ipumzishwe, na mzee apumzike naye. Mwisho akasema isilale juu ya stuli tumbo chini, iinuliwe kidogo kwa vizibo vinne vya soda, kimoja kila kona, hewa ipite.

"Una vizibo?"

"Sina. Ila soda zipo pale."

Akanywa mbili, nikanywa mbili, mia saba kila moja.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchicha. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, nikayatunga upya, yote yakanipotea. Nikaweka yale manyoya ya zambarau mbele yake juu ya ungo. Fundi alikuwa amenifungia kwenye gazeti.

"Mama, ni masweta yangu."

Akayatazama. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nani anafagia chini ya makochi? Kila asubuhi natoa zambarau. Mlidhani inatoka mbinguni?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

Nikakaa chini. Nikachukua mchicha, nikaanza kuchambua naye. Akasema, kwa Kishambaa, "Hongea," ambayo kwetu ni asante. Sikujua ananishukuru kwa mchicha au kwa kitu kingine, na sikuuliza. Jioni beseni lilirudi sebuleni, vitambaa vikapanda mahali pake.

Tangu siku hiyo mama ndiye mlinzi wa mashine. Baba akikaa, mama anaifunua, anakunja kitambaa mapajani, anakaa hapohapo mechi nzima. Baba akimaliza, mama anaigusa kwa mgongo wa mkono, anasubiri ipoe, anaifunika. Ikivuma kidogo anasema, "Mzee, ipumzishe," na baba, ambaye hajawahi kumsikiliza mtu katika maisha yake, anazima. Mashine inakaa saa moja na nusu. Inakaa mbili. Mkono wangu bado unaiendea kila nikipita.

Mwezi wa tisa, Jumamosi ya kuamkia mavuno, kiongozi wa bendi akaja. Alikuja na mfuko wa kitambaa, wa kubebea. Sote tuliuona, hakuna aliyeutaja. Baba akainuka na fimbo, akaishusha tarumbeta mwenyewe. Kitufe cha kwanza, kikashuka. Cha pili, kikashuka. Cha tatu kikafika nusu, kikakaa hapo, kidole cha pete kinatetemeka. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha mashine kwa mikono yote miwili.

Baba akapuliza. Kilichotoka hakikuwa kizuri. Ng'ombe wangetoa maziwa ya mtindi. Lakini ulikuwa wimbo, tuliujua, na kiongozi wa bendi akaanza kuuimba taratibu akitazama sakafu.

"Mzee," akasema ulipokwisha, "huu wa mavuno cha tatu hauhitaji. Kesho utapiga huu mmoja. Nyingine utashika tarumbeta tu, watu waone tuko kamili."

"Na baada ya kesho?"

"Krismasi ule wimbo unataka vitufe vyote. Tutazungumza Krismasi."

Akakunja mfuko wake, akautia mfukoni.

Sasa basi. Ili mashine ipumue, marobota ilibidi yatoke sebuleni. Yako kwenye kibanda nilichokodi sokoni, na kibanda kinavuja. Masweta yameanza kunuka uvundo. Wiki iliyopita mama mmoja wa Malindi, mteja wangu wa miaka, alinusa sweta, akanirudishia, akaniuliza kama nimeanza kuuza ya marehemu. Mvua za vuli ziko njiani. Nikiyarudisha ndani yatakauka, na mashine itavaa sweta tena, na kidole kimoja kilichobaki kitalala. Nikiyaacha kule, mpaka Krismasi nitakuwa nauza uyoga. Nimepiga hesabu mara mbili, zote zinanipa jibu moja: nahitaji chumba kingine.

Kwa hiyo naomba ushauri, wewe uliyesoma mpaka hapa. Kama unajua chumba kikavu, kutoka mjini mpaka njia ya Irente, kisichovuja, kisicho na panya, kinachoingia marobota saba, niambie kiko kwa nani na ameanzia bei gani. Nitalipa elfu kumi na tano kwa mwezi. Ishirini, kama mlango una kufuli. Na kama umewahi kukausha sufi iliyoshika ukungu bila kuikung'uta, hilo nifundishe kwanza.